Ngoma ilidunda miaka kwenye seva ya zamani, kwenye klaudi inagoma: anza na dalili

Hii ni kwa wale waliokaa miaka na mifumo ya maofisini ya zamani, zile Java EE (Java ya programu za maofisini) za juu ya seva za WebLogic na WebSphere au .NET Framework juu ya IIS, afu siku moja bosi anasema tunahamia klaudi, unaiweka programu ndani ya kontena (boksi linalobeba programu na kila inachohitaji), inajengeka bila kelele, inawaka, unapiga picha ya skrini unatuma kwenye grupu, na kesho yake asubuhi matatizo yanaanza kuingia mojamoja na hakuna hata moja linalofanana na yale uliyozoea.

Nimepitia hii kitu mara tatu na timu tofauti. Nilichokuja kugundua ni kwamba karibu kila bagi ya kuhama ukiichimba mpaka chini unakuta kodi inaamini mashine ni yake. Yaani mashine ni moja, haifi, diski yake inabaki, IP haibadiliki, saa ni ya hapa kwetu, memori yote ni yake peke yake. Kwenye seva ya zamani hayo yote yalikuwa kweli kabisa, ndo maana ukimuuliza aliyeiandika anakwambia "mbona ilikuwa inafanya kazi" na wala hadanganyi. Kwa hiyo kwenye kila dalili hapa chini swali la kwanza ni lilelile: hapa kodi inaamini nini kuhusu mashine ambacho siku hizi si kweli?

Mifano mingi ni ya Java na Kubernetes (mfumo unaowasha na kusimamia kontena; podi ni kifungu cha kontena moja au zaidi kinachowashwa humo, nodi ni mashine inayokibeba) kwa sababu ndo nilikoumia zaidi. Nimepanga kwa jinsi zinavyokujaga, za siku ya kwanza ziko juu.

Haiwaki kabisa

Ukiona `NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException` hapo umetoka Java 8 ukaruka kwenda 11 au zaidi. JAXB, JAX-WS na wenzao walikuwa ndani ya Java yenyewe, wakatolewa kwenye Java 11 mwaka 2018. Dawa ni kuongeza laibrari zake kwenye pom au gradle (faili linaloorodhesha laibrari za mradi), nusu saa umemaliza.

Ukiona inalalamikia `javax/servlet` au `javax/persistence`, hiyo ni hadithi nyingine. Oracle waliikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation mwaka 2017, jina halikwenda nayo, ikaitwa Jakarta EE, na toleo la 9 la mwaka 2020 likabadilisha majina ya pakeji kutoka `javax` kuwa `jakarta`. Spring Boot 3 inataka hayo majina mapya, pamoja na Java 17. Sasa kosa ambalo kila mtu analifanya, na mimi nimo, ni kufungua editor na kubadilisha kila `javax` kuwa `jakarta` kwenye mradi mzima kwa mkupuo. Usifanye. `javax.sql`, `javax.crypto`, `javax.naming`, `javax.net.ssl` ni za JDK yenyewe na hazikuhama, ukizibadilisha umejitengenezea kazi ya siku mbili. Tumia OpenRewrite, zana ya kubadilisha kodi kiotomatiki, inajua zipi zilihama na zipi zilibaki. Afu kuna ile laibrari ya zamani aliyoitengeneza mtu wa ofisini kwenu, jar haina sosi kodi, ndani yake kuna filta ya servlet ya `javax`. Hiyo haitawaka na Jakarta, itafute mapema kabla hujaahidi tarehe.

Ushauri ambao hakuna aliyenipa: usipandishe Java na kuhamia kontena kwa wiki moja. Pandisha Java hukohuko kwenye seva ya zamani, iache ikae wiki mbili tatu, ndo uhame. Ukifanya vyote pamoja kila kosa litakuwa na washukiwa wawili.

`NameNotFoundException` kwenye `java:comp/env/jdbc/kitu` maana yake datasource (mipangilio ya kuunganisha na databesi) ilitengenezwa kwa mkono kwenye konsoli ya seva, na mtu aliyebonyeza vitufe hivyo aliacha kazi zamani. Kodi ilikuwa inaikuta tu pale mezani imeandaliwa. Kabla hujahama ingia kwenye hiyo konsoli uorodheshe kila kitu: datasource, foleni za ujumbe za JMS, vyeti vilivyowekwa kwenye truststore (orodha ya vyeti ambavyo Java inaviamini), ukubwa wa puli (akiba ya koneksheni za databesi zilizo wazi), vigezo vya JVM (injini inayoendesha Java) kwenye skripti ya kuwasha. Vyote hivyo sasa lazima vije na programu au kwa environment variable. Kwa uzoefu wangu vyeti ndo vinasahaulika zaidi, na hutaona mpaka programu ijaribu kuongea na mfumo wa nje.

Na kwa wanaotoka Windows: Linux inatofautisha `Logo.PNG` na `logo.png`, na `C:\temp` haipo. Ndo hivo.

Inakufa kimya, logi zimekatika katikati

Hii ndo ninayoulizwa zaidi kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Programu inawaka, inafanya kazi dakika ishirini au masaa mawili, afu inatoweka. Unafungua logi, hakuna kosa, mstari wa mwisho ni ombi la kawaida la mtu wa kawaida. Piga `kubectl describe pod` na jina la podi, shuka mpaka kwenye `Last State`. Ukikuta `OOMKilled` na `Exit Code: 137` basi. 137 ni 128 jumlisha 9, na 9 ni SIGKILL, yaani kerneli ya Linux imeiua kwa sababu imekula memori kupita mgao wake, na aliyeuawa hivyo hapati nafasi ya kuandika hata neno moja kwenye logi.

Sababu ya kwanza ni Java ya zamani. JVM usipoiambia ukubwa wa hipu (memori ya kuwekea data za programu) inachukua robo ya memori ya mashine. Swali ni mashine ipi. Java za zamani zilikuwa zinaangalia nodi nzima, kwa hiyo nodi ina GB 64, Java inajipa ruhusa ya GB 16, na kontena lako umelipatia GB 2. Inakua taratibu, haioni sababu ya kusafisha taka, inagonga ukuta. Java ilijifunza kuangalia mipaka ya kontena kuanzia toleo la 10 mwaka 2018, na kwa waliobaki Java 8 wakaletewa kwenye 8u191. Kama imeji yako (kifurushi ambacho kontena linawashwa kutoka kwake) ina 8u-chini-ya-hapo wala usitafute mchawi mwingine.

Sababu ya pili ni ya kijanja. Timu inakwambia hatujagusa kodi, hatujagusa imeji, ila tangu wiki iliyopita zinakufa. Uliza kama nodi zimebadilishwa. Linux mpya zinatumia cgroup v2, njia mpya ya kerneli kuweka mipaka ya memori ya kontena, na Java inayoelewa cgroup v2 ni 15 kwenda juu, au 11.0.16, au 8u372. Chini ya hapo Java inasoma mahali ambapo pameshahama, haikuti kitu, inarudi kuangalia nodi nzima kama zamani. Hii ilitula siku tatu, na jibu lilikuwa kubadilisha mstari mmoja wa imeji.

Sababu ya tatu ni `-Xmx4g` iliyokopiwa kutoka kwenye skripti ya zamani huku kontena nalo limepewa GB 4. Hipu si memori yote ya Java. Kuna metaspace (ya maelezo ya klasi), kuna bafa za nje ya hipu, na kila thredi kwa kawaida inatengewa staki ya mpaka MB 1, kwa hiyo thredi 300 si mchezo. Mimi naweka `-XX:MaxRAMPercentage=75` na naondoa `-Xmx` kabisa, afu naangalia wiki nzima ndo napandisha au kushusha.

Usichanganye na hii: kama kwenye logi kuna `java.lang.OutOfMemoryError` na ule mlolongo mrefu wa Java chini yake, hapo kerneli haihusiki, ni hipu yenyewe imejaa. Kwenye kontena hii inatokea sana kwa wale waliofanya kila kitu sawa ila hawakuweka asilimia, maana Java mpya inachukua robo ya GB 2, yaani MB 512, na programu iliyozoea GB 4 haiwezi kuishi humo.

Inawaka, inakufa, inawaka, inakufa

`CrashLoopBackOff`. Kwanza soma logi za kontena lililokufa, si lililopo: `kubectl logs --previous`. Kama kuna kosa, lirekebishe uendelee na maisha. Kama hakuna kosa na unaona programu inakatwa ikiwa katikati ya kuwaka, basi inauliwa na kipimo cha uhai, `livenessProbe`.

Hesabu yake iko hivi. Usipoandika chochote, kipimo kinapigwa kila sekunde 10, kinasubiri jibu sekunde 1 tu, kikifeli mara 3 kontena linauliwa. Sasa ile programu yenu ya miaka kumi na mbili inachukua sekunde 90 kuwaka, inasoma XML, inapakia kashe ya mikoa na matawi yote, inajenga Hibernate ya majedwali mia nne. Kwenye seva ya zamani iliwashwa mara mbili kwa mwaka, usiku, nani alijali? Hapa haifiki sekunde ya 40. Na mkiibana nusu ya CPU inazidi kuwa nzito, maana Java inapowaka ndo inataka CPU kuliko wakati wowote. Weka `startupProbe` yenye subira ya kutosha, dakika tatu hata nne, kipimo cha uhai hakitaanza mpaka hiyo ipite. Afu ukipata nafasi punguza muda wa kuwaka, kashe ile ipakiwe baadae ikihitajika.

Hapa nina ugomvi na watu. Usiweke ukaguzi wa databesi ndani ya kipimo cha uhai. Najua inaonekana ni akili, programu bila databesi ina faida gani. Ila fikiria databesi imekuwa nzito dakika moja, podi zote kumi zinafeli kipimo kwa pamoja, zote zinauliwa, zote zinawaka upya kwa pamoja na kila moja inafungua koneksheni upya kwenye databesi iliyokuwa tayari inahema. Umechukua mafua ukayafanya msiba. Uhai uulize kitu kimoja tu, mchakato bado unajibu? Databesi iweke kwenye `readinessProbe`, hiyo inamtoa podi kwenye mzunguko bila kumuua.

"Mara inafanya kazi mara haifanyi"

Ukisikia hili neno kutoka kwa watumiaji, kabla hujafungua logi yoyote fanya jaribio moja: shusha nakala ziwe moja. `kubectl scale deployment` jina `--replicas=1`. Kama tatizo limepotea, kuna kitu kinahifadhiwa kwenye memori au diski ya podi moja na podi nyingine haikijui. Hili jaribio la nusu dakika limeniokolea masaa mengi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Watu wanatolewa nje na kurudishwa kwenye login? Sesheni (kumbukumbu ya mtumiaji aliyeingia) iko kwenye memori ya podi A na ombi limeangukia podi B. Wengi wanakimbilia kumfunga mtumiaji kwenye podi moja kwa kuki ya lodi balansa (kigawa maombi kwa podi), na kwa dharura sawa, lakini kila mkidiploi (mkiweka toleo jipya) watu wote wa podi hiyo wanatupwa nje. Hamishia sesheni Redis (stoo ya data ya pamoja ya kwenye memori) au kwenye databesi. Tegemea `NotSerializableException` hapo (kosa la kitu kisichoweza kugeuzwa kuwa data ya kuhifadhi), maana utakuta kuna mtu aliweka koneksheni nzima au orodha ya rekodi elfu tano ndani ya sesheni mwaka ule na ikaenda tu. Usiifanye iwe serializable, itoe humo.

Mafaili yanapotea? Kwetu ilikuwa viambatisho. Dada wa dawati la huduma anapiga simu anasema fomu ya mteja aliiweka jana na ilikuwepo, leo haipo, na jirani yake anaiona. Nikabisha. Nikaenda kukaa naye, akafungua, haipo, akabonyeza F5, ikaja, akabonyeza tena, ikapotea. Nakala mbili, kila moja na `/opt/app/uploads` yake, na tulipodiploi jioni zote zikazaliwa upya na folda tupu. Mafaili ya siku mbili yalikwenda na maji, ikabidi wateja waombwe kutuma tena. Kilichoandikwa ndani ya kontena kinakufa na kontena. Peleka kwenye stoo ya klaudi kama S3, au volyumu ya kudumu kama kodi huwezi kuigusa kwa sasa. Na usisahau yale mafaili ya kati, ripoti inayoandikwa `/tmp` na ombi la kwanza afu ikasomwa na ombi la pili, nalo ni tatizo hilohilo.

Kashe ya memori inayoonesha bei ya zamani kwa nusu ya watu, ni hilohilo pia.

Kazi ya usiku imefanyika mara tatu

Una kazi ya ratiba, `@Scheduled` au timer ya EJB, ndani ya programu, nakala tatu, kila moja inaamini iko peke yake duniani, saa sita usiku zote zinaamka zinatuma meseji kwa wateja walewale. Toa hiyo kazi nje iwe `CronJob` ya Kubernetes inayojitegemea. Kama haiwezekani haraka, weka kufuli kwenye databesi, ShedLock inafanya hiyo kazi kwa mistari michache. Ila hata hivo iandike kazi yenyewe iwe salama ikirudiwa, maana CronJob nayo inaweza kukuanzishia kazi mara mbili, wenyewe wamesema kwenye maelezo yao. Alama ya "imeshatumwa" kwenye rekodi ya mteja ni kinga nzuri kuliko kufuli lolote.

Ombi la kwanza la asubuhi linakwama

Hii naipenda kwa sababu inawatoa watu jasho. Mchana kutwa safi. Asubuhi mtu wa kwanza anabonyeza, inazunguka, inazunguka, dakika inapita, inaleta kosa, anajaribu tena inakubali. Kila siku. Hakuna anayeweza kuirudia mchana.

Puli ya koneksheni usiku kucha imekaa na koneksheni za databesi bila kuzitumia. Katikati ya podi na databesi kuna vitu vya mtandao wa klaudi ambavyo vinasahau koneksheni iliyokaa kimya: NAT gateway (lango la kutokea mtandaoni) ya AWS inasahau baada ya sekunde 350, lodi balansa ya Azure kwa kawaida dakika 4. Linux nayo ikiachwa ilivyo inapiga kijikelele cha kuangalia kama upande wa pili uko hai baada ya sekunde 7200, yaani masaa mawili, na hiyo ni kama programu imeomba. Kwa hiyo koneksheni imekufa zamani, puli haijui, mtu wa kwanza anapewa maiti. Kwenye HikariCP (laibrari ya puli ya Java) weka `keepaliveTime` dakika moja au mbili na `maxLifetime` isiachwe kuwa ndefu kupita mipaka ya mtandao wenu. Na taimauti! Kodi nyingi ya zamani haina taimauti popote, kwa sababu databesi ilikuwa kwenye raki ileile, waya wa mita mbili.

Ndugu yake ni hii: databesi imehamia mashine ya akiba, DNS imebadilika, programu yako bado inaipigia IP ya zamani mpaka uiristati. Java inatunza majibu ya DNS. Kwa kawaida sekunde 30, lakini kukiwa na security manager (ulinzi wa zamani wa Java), na baadhi ya mifumo ya zamani inawashwa nayo, inatunza milele. Angalia `networkaddress.cache.ttl`.

Kila kitu kinafanya kazi ila ni konokono

Umehamisha programu, databesi bado iko chumba cha seva cha ofisini? Hesabu. Skrini moja ya zamani inapiga kwiri (maswali kwa databesi) 400, usicheke, zipo, mkopeshwaji na wadhamini wake na kila mdhamini na anwani zake. Kwenye waya uleule kila kwiri safari yake ni kama milisekunde 0.3, jumla sekunde 0.12, hakuna anayeona. Weka katikati milisekunde 25 za kwenda na kurudi, kwiri ni zilezile 400, jumla sekunde 10. CPU imelala, memori iko sawa, databesi inasema mimi kila kwiri najibu haraka, na kila mmoja anasema kweli. Usiongeze podi, haitasaidia hata chembe. Washa logi ya kwiri, hesabu ngapi zinapigwa kwa ombi moja, unganisha zile za kwenye loop. Au hamisha databesi na programu pamoja, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Ugonjwa huohuo unampata aliyevunja mfumo mmoja kuwa huduma kumi na nne kabla hajahama. Wito uliokuwa wa metodi ndani ya memori sasa unapita mtandaoni, unaweza kuchelewa, unaweza kufeli nusu. Na ile transaksheni moja iliyokuwa inashika jedwali la malipo na foleni ya JMS kwa pamoja haipo tena, unakuta malipo yameandikwa na ujumbe haukutoka. Hapo dawa niliyoona inafanya kazi ni kuandika ujumbe kwenye jedwali la databesi hiyohiyo, ndani ya transaksheni hiyohiyo, afu mchakato mwingine unausoma na kuupeleka. Kama huduma zako zote kumi na nne bado zinasoma databesi moja na lazima zidiploiwe siku moja, zirudishe ziwe moja. Sitanii. Monoliti moja (mfumo mzima katika programu moja) kwenye kontena ni kitu cha heshima kabisa.

`sorry, too many clients already`

PostgreSQL inaanza na kikomo cha koneksheni 100. Puli ya 10 mara podi 12 ni 120. Na wakati wa kudiploi podi mpya na za zamani zinaishi pamoja kwa muda, ndo maana kosa linatokea saa ya diploi tu afu linapotea. Punguza puli kabla hujaongeza kikomo, puli ya 50 ilikuwa ya seva moja kubwa. Kama podi ni nyingi kweli weka PgBouncer (puli ya pamoja ya PostgreSQL) katikati.

Saa na herufi

Ripoti ya siku inakata masaa ya mwanzo au ya mwisho: kontena liko UTC, kodi inatumia `new Date()` na inaamini saa ya mashine ndo saa ya biashara. Kuweka `TZ` kunatuliza, kutaja zona wazi ndani ya kodi ndo kunaponya. Majina yenye herufi za ajabu yamekuwa alama za kuuliza: Java chini ya 18 inachukua usimbaji wa mashine, na kontena tupu halina lokali (mipangilio ya lugha). `-Dfile.encoding=UTF-8`, songa mbele.

Kila tukidiploi watu wachache wanapata 502

Kubernetes ikitaka kuiondoa podi inatuma SIGTERM (ishara ya kuiomba izime), inasubiri sekunde 30, afu SIGKILL. Ukiona kila podi inachukua sekunde 30 kamili kufa na inaishia 137, SIGTERM haijafika kwa Java. Karibu kila mara ni Dockerfile inayowasha `start.sh` na ndani yake `java -jar`. Mchakato namba 1 ni shell, shell inapokea ishara na inaikalia. Andika `exec java -jar ...` kwenye hiyo skripti, neno moja tu. Afu mwambie Spring azime kwa ustaarabu, `server.shutdown=graceful`, na weka `preStop` ya kulala sekunde tano hivi ili lodi balansa ipate muda wa kuacha kumtumia maombi. Podi ikizima vizuri utaona 143, au 0.

Nimerekebisha jana, leo tatizo limerudi

Uliingia ndani ya podi kwa `kubectl exec`, ukafungua faili kwa vi, ukarekebisha, ukafurahi. Sote tumefanya. Podi imezaliwa upya usiku kutoka kwenye imeji ileile ya zamani. Rekebisha kwenye git, jenga imeji, diploi, na usitumie tagi ya `latest` maana hutajua ipi inakimbia wapi.

Kwa ambao bado hawajahama, msisubiri kufika huko. Hukohuko kwenye seva ya zamani washeni nakala mbili za programu nyuma ya lodi balansa bila kumfunga mtumiaji, wekeni saa ya mchakato UTC, ondoeni ruhusa ya kuandika kwenye folda ya programu, afu saa tano asubuhi siku ya kazi mtu apige `kill` kwenye nakala moja huku mmekaa na dada wa dawati la huduma. Sisi mara ya tatu ndo tulifanya hivo, tukapata mambo kumi na moja kabla hata ya kuandika Dockerfile, na la kwanza lilitokea kabla hatujaua chochote: programu iligoma kuwaka kwa sababu ilikuwa inajiandikia faili la leseni lenye jina la mashine.